Seva ya Nyumbani Ikigoma: Tafuta Hitilafu Kuanzia Karibu Kwenda Mbali



Katika mitaa yetu kompyuta kuukuu haitupwi ovyo. Ikichoka na kazi za kila siku, huwekewa Linux, ambayo hailipiwi, ikageuzwa seva. Seva ni mashine inayokaa imewashwa mchana na usiku, ikiwapa wengine faili au kurasa za tovuti kila wanapoziomba. Familia huhifadhi humo picha. Wanafunzi huweka mitihani ya miaka iliyopita. Vikundi vya mtaa huweka kumbukumbu za mikutano, hesabu za michango na hata nakala za vitambulisho vya wanachama.

Somo la toleo hili ni kwa mkaazi mwenye seva kama hiyo, au anayepanga kuwa nayo. Linaeleza jinsi ya kutafuta hitilafu tovuti isipofunguka au folda ya pamoja isipoonekana. Pia linaeleza jambo ambalo mafundi wengi wa nyumbani hulisahau usiku wa manane: ukarabati wa pupa unaweza kuleta hasara kubwa kuliko hitilafu yenyewe.

MFANO WETU

Tuseme kijana mmoja anaishi Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940. Katika kona ya chumba ana kompyuta ya mezani inayofanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni folda ya pamoja, kwa kutumia programu ya Samba, ili watu wa nyumbani wapate faili kwa simu na kompyuta zao. Kazi ya pili ni tovuti ndogo ya kikundi cha mtaa, yenye matangazo na kumbukumbu za mikutano.

Jioni moja stima inapotea, kisha inarudi. Katibu wa kikundi anapiga simu: tovuti haifunguki. Kijana anaanza kubahatisha. Anaondoa programu na kuiweka upya. Anazima ukuta wa ulinzi wa seva. Anafungua milango yote ya ruta kuelekea kwenye seva. Kufikia saa sita usiku tovuti inafunguka, naye analala kwa furaha. Asilolijua ni kwamba folda yenye vitambulisho vya wanachama sasa inaweza kufikiwa na mtu yeyote duniani.

Mwisho wa somo tutaona hitilafu yake ilikuwa nini hasa. Kwanza tujifunze njia ya kuitafuta.

KANUNI TATU

Kwanza, anza karibu uende mbali. Usiulize kampuni ya intaneti kabla hujajua kama seva inajijibu yenyewe.

Pili, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike katika daftari. Kisiposaidia, kirudishe kilivyokuwa.

Tatu, usifungue kitu ambacho hujui utakifungaje.

HATUA YA 1: UMEME, SAA NA DISKI

Seva nyingi za nyumbani hugoma baada ya umeme kukatika. Sote tunakumbuka Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima. Kompyuta inayozimika ghafla inaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa. Umeme ukirudi, chunguza mambo manne.

Je, mashine imewaka yenyewe? Katika mipangilio ya mwanzo ya kompyuta nyingi kuna chaguo la kuiwasha umeme unaporudi. Kama halijachaguliwa, mashine itabaki imezima mpaka mtu aibonyeze.

Je, saa ni sahihi? Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya duara imekufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na tarehe ikikosewa, vyeti vya usalama huonekana batili. Andika:

date

Je, diski ina nafasi? Diski ikijaa, tovuti hukwama na faili mpya hukataa kuhifadhiwa. Andika:

df -h

Je, diski ya nje imeunganishwa? Diski ya USB isiposhikwa na mfumo, folda itaonekana tupu. Usidhani faili zimefutika, na usianze kuandika nyingine juu yake.

Ushauri wa bei nafuu: kipakatalishi cha zamani ambacho betri yake bado ina uhai hufaa kuwa seva kuliko kompyuta ya mezani, kwa kuwa kitavuka kukatika kwa umeme kwa muda mfupi bila kuzimika.

HATUA YA 2: ANWANI YA SEVA

Ndani ya nyumba, ruta hugawa anwani kwa kila kifaa. Mara nyingi anwani hizo huanza na 192.168 au 10. Ruta ikizimika na kuwaka, seva inaweza kupewa anwani tofauti na ya jana. Simu yako itaendelea kubisha kwenye anwani ya zamani bila kujibiwa.

Kwenye Linux, tazama anwani kwa kuandika:

ip addr

Kwenye Windows, andika:

ipconfig

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, seva haikupata anwani kutoka kwa ruta. Chunguza waya na ruta yenyewe.

Dawa ya kudumu ni kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuihifadhia seva anwani moja isiyobadilika. Kazi hiyo huchukua dakika chache na hukuepusha na usumbufu wa miaka.

Hakikisha pia kwamba simu na seva ziko katika mtandao mmoja. Wi-Fi ya wageni huzuia vifaa kuonana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Halafu, kuta za mawe hudhoofisha Wi-Fi. Ikiwezekana, unganisha seva na ruta kwa waya, si kwa hewa.

HATUA YA 3: JE, SEVA INAJIJIBU?

Kaa kwenye seva yenyewe uandike:

curl http://localhost

Ikijibu kwa maandishi ya ukurasa wako, programu ya tovuti inafanya kazi, na hitilafu iko mbele zaidi kwenye njia. Isipojibu, hitilafu iko hapo hapo. Kwa wanaotumia Apache kwenye Ubuntu au Debian, hali ya programu huonekana hivi:

sudo systemctl status apache2

Makosa ya uandishi katika mipangilio hupatikana hivi:

sudo apachectl configtest

Na daftari la makosa husomwa hivi:

sudo tail /var/log/apache2/error.log

Soma mistari ya mwisho ya daftari hilo kabla ya kugusa kitu chochote. Mara nyingi jibu limeandikwa hapo.

Sasa jaribu kutoka kwenye simu iliyo ndani ya nyumba, kwa kutumia anwani ya seva. Jinsi inavyokataa ni ushahidi.

Kivinjari kikikataliwa papo hapo, ujumbe umefika kwenye mashine lakini hakuna programu inayosikiliza mlangoni. Iwashe programu.

Kivinjari kikizunguka muda mrefu kisha kikakata tamaa, ujumbe unapotea njiani. Shuku anwani, au ukuta wa ulinzi.

Ukiona nambari 404, tovuti iko hai lakini faili uliyoomba haipo mahali hapo. Nambari 403 maana yake faili au folda ipo lakini programu hairuhusiwi kuitoa. Nambari 500 ni hitilafu ndani ya programu ya tovuti. Nambari 502 hutokea seva ya mbele inapokosa jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake. Kwa hivyo nambari hizi zote nne ni habari njema kidogo: zinaonyesha kwamba mtandao wenyewe umefika.

HATUA YA 4: FOLDA YA PAMOJA

Folda ya Samba ina kufuli mbili, na watu wengi hufungua moja tu.

Kufuli ya kwanza ni ya Samba yenyewe. Samba hutunza nywila zake kando na zile za Linux. Mtu anaweza kuwa na akaunti kwenye seva na bado akataliwe folda. Mpe nywila ya Samba, ukiweka jina la akaunti yake mahali pa "jina":

sudo smbpasswd -a jina

Kufuli ya pili ni ruhusa za Linux kwenye folda. Hata Samba ikikubali, mfumo utakataa ikiwa mwenye akaunti hana ruhusa ya kuingia katika folda hiyo na kila folda iliyo juu yake. Unda kundi, waingize watu wanaohusika, kisha ulipe kundi hilo ruhusa. Usifuate ushauri wa kumpa kila mtu ruhusa zote kwa chmod 777. Ukifanya hivyo, programu yoyote iliyovamiwa kwenye seva itaweza kubadilisha au kufuta faili zako.

Ukihariri mipangilio ya Samba, ikague kabla ya kuiwasha upya:

testparm

Kuna tatizo jingine la kawaida: kifaa cha zamani na Windows mpya kukosa kuelewana. Itifaki ya kwanza ya kugawana faili, SMB1, iliachwa nje katika Windows 10 kuanzia matoleo ya mwisho wa 2017. Sababu ipo. Mei 12, 2017, programu hasidi ya WannaCry ilianza kuenea kwa kutumia udhaifu katika itifaki hiyo. Ilizifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, ikazifunga faili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kwa hiyo kifaa chako kikidai SMB1, boresha kifaa hicho. Usirudishe itifaki mbovu kwa ajili yake.

HATUA YA 5: TOVUTI KUTOKA NJE YA NYUMBA

Ukijaribu kutoka nje, zima Wi-Fi ya simu na utumie data. Baadhi ya ruta haziwezi kuonyesha tovuti yako ukiwa ndani kwa kutumia anwani ya nje, na jaribio la ndani litakudanganya.

Kisha uliza: je, nyumba yangu ina anwani ya umma? Anwani za mtindo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na hazitoshi. Ndiyo maana kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama ploti yenye sanduku moja la barua: unaweza kutuma, lakini barua ikija bila maelezo zaidi haijulikani ni ya mpangaji gani.

Jipime hivi. Katika ukurasa wa ruta, soma anwani iliyopewa ruta kutoka kwa kampuni. Kisha tafuta kwenye intaneti ukurasa unaoonyesha anwani yako ya nje. Zikiwa sawa, una anwani ya umma. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Hata ufungue milango mingapi kwenye ruta yako, wageni hawatafika kwa njia hiyo.

Ukiwa katika hali hiyo, una njia nne: kuomba anwani ya umma kwa kampuni yako, ambayo huenda ikatozwa ada, kutumia IPv6 ikiwa kampuni inaitoa, kutumia huduma ya handaki inayopokea wageni kwingine na kuwaleta kwako, au kuiweka tovuti kwenye seva ya kukodi na kubakiza faili za faragha nyumbani. Kwa kikundi cha mtaa, njia ya nne mara nyingi ndiyo salama na rahisi zaidi. Soma pia mkataba wako: baadhi ya vifurushi vya nyumbani haviruhusu kuendesha seva ya umma.

Kama anwani ya umma unayo, hakikisha ruta inaelekeza milango 80 na 443 pekee, ambayo ni ya tovuti, na kwamba inaielekeza kwenye anwani ya sasa ya seva. Kama una jina linaloishia na .ke, ambalo husimamiwa na KeNIC kupitia mawakala wake, hakikisha jina hilo linaonyesha anwani yako ya sasa ya nje. Mabadiliko ya jina huweza kuchukua saa kadhaa kuonekana kila mahali. Subiri kabla ya kubadilisha tena.

KISICHOFUNGULIWA KAMWE

Mlango 445 ni wa kugawana faili. Usiuelekeze kutoka nje kwenda kwenye seva, hata kwa usiku mmoja. Kuna programu zinazozunguka intaneti saa zote zikitafuta mlango huo ukiwa wazi. Mwanafamilia aliye mbali akihitaji faili, mtumie njia ya siri ya VPN, kwa mfano WireGuard.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haigusi mambo ya kifamilia kabisa, kama vile picha zenu za nyumbani. Lakini orodha ya wanachama wa kikundi, yenye nambari za vitambulisho na simu, si jambo la kifamilia. Anayeitunza ana wajibu wa kuilinda. Data hiyo ikifikiwa na wasiohusika na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu kujulikana, na wenye data pia waambiwe. Mashambulizi ya mtandaoni huripotiwa kwa kitengo cha KE-CIRT katika Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Na ukitaka kuvuka mipaka ya nyumba yako na kuwaunganishia majirani mtandao, kumbuka kwamba huo ni mtandao wa jamii, nao una taratibu zake za leseni katika Mamlaka hiyo. Huko Kibera, TunapandaNET ni mfano wa mtandao wa aina hiyo unaounganisha shule na vituo vya jamii.

FAIDA YA KUTUNZA VYA KARIBU

Pengine utauliza kama taabu hii yote ina maana. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Folda iliyo nyumbani haitegemei waya wa baharini. Mtoto anaweza kufungua karatasi ya mtihani kutoka chumba cha pili bila kutumia data hata kidogo.

Lakini seva si nakala ya akiba. Diski moja ikifa, kila kitu kimekwenda. Weka nakala tatu za faili muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba, kwa mfano kwa ndugu anayeaminika. Nakala iliyo na data za watu ifungwe kwa nywila. Kila baada ya miezi michache jaribu kurudisha faili moja, ujue kama nakala inafanya kazi.

TURUDI KALOLENI

Hitilafu ya kijana wetu ilikuwa ndogo. Umeme uliporudi, ruta iliipa seva anwani mpya: kutoka 192.168.1.14 hadi 192.168.1.23. Mipangilio ya ruta ilikuwa bado inawaelekeza wageni kwenye 14. Angeandika ip addr, angeona tofauti. Angerekebisha mstari mmoja, akahifadhi anwani, akalala mapema.

Sasa ana kazi nyingine asubuhi. Afunge milango yote isipokuwa 80 na 443. Awashe ukuta wa ulinzi. Abadilishe nywila zote. Asome daftari la Samba aone kama kuna anwani ngeni iliyoingia, na aitunze nakala yake. Kisha ampigie katibu simu na kumweleza ukweli, kwa sababu vitambulisho vile si vyake, na saa 72 zimekwisha kuanza kuhesabiwa.

JIPIME

1. Tovuti inafunguka kwenye seva yenyewe lakini kwenye simu ya nyumbani inazunguka bila jibu. Utaanzia wapi?

2. Jirani ana akaunti ya Linux kwenye seva lakini Samba inakataa nywila yake. Kwa nini?

3. Anwani kwenye ruta ni 100.72.5.9. Je, kufungua mlango 443 kwenye ruta kutasaidia?

Majibu: (1) Anwani ya seva, kuwa katika mtandao mmoja, kisha ukuta wa ulinzi. (2) Samba ina nywila zake; hajawekewa. (3) La. Nyumba iko nyuma ya anwani ya pamoja.

Kata ukurasa huu uubandike karibu na seva yako. Siku stima itakaporudi na tovuti ikakataa kufunguka, anza na hatua ya 1.